Msumari wa Inchi Tano

Meza yangu ya chakula ni ya mninga. Baba aliichongesha Tabora mwaka nilioolewa, ikaja kwa treni mpaka Dar es Salaam, kisha kwa lori mpaka hapa Tanga, na njia nzima hiyo haikupata hata mkwaruzo. Aliyekuja kuitia kilema ni Pontio Pilato.

Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu na masika yamekaza. Vijana wa parokia walimpa mume wangu, Baba Upendo, kazi ya kutengeneza msalaba wa igizo la Ijumaa. Sijui ni nani aliyewashauri kumpa mwalimu wa historia kazi ya seremala. Seremala angeuliza vipimo. Baba Upendo aliuliza ushahidi. Alitutangazia kwamba Warumi hawakuwa na kawaida ya kumbebesha mtu msalaba mzima. Mti wa kusimama huenda ulikuwa tayari umechimbiwa kule kwenye mauaji, na mhukumiwa alibeba ule wa kukingama tu. Akanunua kipande kimoja cha mbao, mbili kwa nne, akajiona amefuata historia na papo hapo amebana matumizi. Nje mvua, basi kazi ikahamia sebuleni. Mbao akailaza mezani pangu.

Wa kumshikia alikuwa Shemeji Athumani, mume wa mdogo wangu, fundi wa majokofu, Mwislamu asiyekosa swala na asiyekosa mjadala.

"Mwanyumba, kushika nitashika," alisema, "ila unajua kwetu jambo hili halikuwa."

Hapo nikajua chakula cha jioni kimeahirishwa. Shemeji aliitaja Surat An-Nisaa, aya ya 157, inayokana kwamba Nabii Isa aliuawa au kusulubiwa. Mume wangu akajibu kwamba aya anaiheshimu, lakini mwanahistoria huuliza nani alisema, lini, na alikuwa na faida gani kusema. Akamleta Tacitus, Mrumi aliyeandika yapata mwaka 116: Wakristo aliwaona uchafu mtupu, na bado akaandika kwamba mwanzilishi wao aliuawa na Pilato enzi za Tiberio.

"Mwaka 116? Miaka zaidi ya themanini baadaye!" Shemeji akaiachia mbao. "Huenda naye alisikia kwa Wakristo haohao. Wewe bibi yako alikusimulia Majimaji, kila mara idadi ya Wajerumani inaongezeka."

"Pilato jiwe lake limepatikana! Kaisaria, 1961, jina lake limechongwa."

"Na cheo?"

Mume wangu akakohoa. Maana jiwe linampa Pilato cheo kimoja, na Tacitus anampa kingine kilichozoeleka baadaye. Sisi wa pwani tulimaliza ugomvi huo zamani. Biblia yetu inamwita liwali, na liwali tunamjua.

"Shahidi hajui hata cheo cha mshitakiwa," alisema Shemeji, akaishika mbao tena, ameridhika.

Binti yetu Upendo ndiye aliyewatia kabali wote wawili. Alikuwa na karatasi za igizo, anataka kujua maandamano yaanze saa ngapi. Marko anasema Yesu alisulubiwa saa tatu. Yohana anasema saa sita Yesu bado amesimamishwa mbele ya Pilato. Mzungu akisoma hapo inabidi kwanza apige hesabu. Sisi saa zetu ni zilezile za Injili, zinaanza alfajiri, kwa hiyo kasoro mtoto wa kidato cha pili anaiona bila kalamu.

Baba Upendo alifurahi kama aliyeulizwa swali alilolisoma usiku. Na siku pia hazilingani, alisema. Kwa Marko, karamu ya mwisho ni ya Pasaka yenyewe; kwa Yohana, Pasaka inaingia jioni baada ya kifo, Yesu anakufa siku ya kuchinjwa wana-kondoo, na wataalamu wengi wanaona Yohana aliipanga saa yake kwa makusudi. "Sasa angalia," alisema, akachukua msumari wa inchi tano ili mwigizaji apate pa kubana vidole, "wanagombana saa, wanagombana siku, lakini kwamba alisulubiwa hawagombani!" Kila "gombana" nyundo moja. "Na nani angejitungia aibu ile? Kifo cha watumwa na waasi! Paulo mwenyewe, yapata miaka ishirini tu baadaye, anakiri kwamba watu wanaona ni upuuzi!"

Nyundo ya mwisho haikutoa mlio wa mbao moja.

Mbao ya inchi mbili, msumari wa inchi tano. Hesabu hiyo haihitaji Tacitus. Walivuta, meza ikanyanyuka pamoja na mbao, na chini yake kitambaa changu cha kudarizi kimetobolewa katikati. Nikainama na tochi. Msumari ulikuwa umepita meza, ukakuta fundo kwenye mbao ya chini, ncha ikajikunja kama ndoana.

Sikuwahi kumwona mume wangu na furaha kama ile. "Yehohanan!" alipiga kelele, amelala chali sakafuni. Kumbe mwaka 1968, katika kaburi kaskazini mwa Yerusalemu, ulikutwa mfupa wa kisigino cha mtu mwenye jina hilo, na msumari wa sentimita 11.5 bado umo. Ncha imejikunja. Waliomzika walishindwa kuuchomoa, wakamzika nao. Warumi walisulubu maelfu, na mifupa ya namna hiyo inahesabika kwa vidole. Ule tunao kwa sababu msumari uliharibika.

Shemeji alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo aliyesulubiwa aliweza kupewa ndugu wamzike?"

"Huyu alipewa."

"Hilo nakubali," alisema. "La Nabii Isa, bado."

Kisha akaenda kwake kuleta msumeno wa chuma. Walikata baina ya mbao na meza mpaka baada ya Isha, Baba Upendo akimsimulia jinsi Yosefo, mwanahistoria Myahudi, alivyowaombea kwa Tito, jemadari wa Kirumi, rafiki zake watatu waliokuwa wamekwisha kusulubiwa: waliteremshwa, wakatibiwa, wawili wakafa, mmoja akapona. Shemeji alimkatiza, "Usinipe huyo wa kupona. Sisi hatusemi alipona, tunasema walifananishiwa," na akaendelea kukata, kwa sababu igizo lilikuwa Ijumaa na mbao ilikuwa moja. Paroko, bila kuulizwa, alipanga maandamano yaanze saa nane.

Jumapili ya Pasaka walikuja kula pilau. Kipande cha msumari kilichobaki hakikutoka. Juu nilikifunika kwa kitambaa kingine, chini nilikisahau. Shemeji alipoinuka kunawa, tukasikia sauti ya nguo kuchanika.

"Shemeji," aliniita kwa upole, kashika pindo la kanzu mpya, "mwambie Mwalimu ushahidi wake umenipata."