Eti Moi Ndiye Nani?

Mpwa wangu kanunua bando ili tutazame vichekesho vya zamani kwenye YouTube. Nilidhani ni heshima kwa mzee. Kumbe nimepewa kazi ya ualimu, tena bila mshahara.

Tulianza na kikundi cha Redykyulass. Nyambane anaingia akiwa Moi, rungu mkononi, na sauti ile ile ya kukwaruza. Mimi hoi kwa kicheko. Kijana kimya. "Mjomba, huyu anamwigiza nani?"

Basi nikaanza. Kwamba Moi alitawala miaka 24. Kwamba taarifa ya habari ilifunguliwa na "Mtukufu Rais" hata kama siku hiyo alikwenda kanisani tu. Kwamba vijana hao wa Redykyulass walimwiga angali Ikulu, nami enzi hizo Nairobi nilikuwa nikicheka huku nikichungulia dirisha, maana hapa kwetu Litein huyo hakuwa mtu wa kuchezewa. Nilipomaliza, somo lilieleweka vizuri sana na hakuna aliyecheka. Mmoja wa vijana hao wa Redykyulass, KJ, amekuwa mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017. Sasa ni zamu yake kuigwa.

Vioja Mahakamani haikuhitaji mwalimu. Zamani tuliitazama kwa betri ya gari iliyochajiwa sokoni, na mvua ya alasiri ikianza, mtoto mmoja anatumwa nje akazungushe antena huku sisi ndani tukimpigia kelele: "Hapo hapo! Umepitisha!" Leo picha imetulia, na Makokha na Ondiek Nyuka Kwota bado wanadanganya kwa uso mkavu vile vile. Mpwa kaanguka kwenye kochi. Asicheke kwa nini? Uongo huo anausikia kila wiki kwenye kituo cha kupimia majani chai. Karani anataka majani mawili na chipukizi, anachomoa kwenye gunia jani gumu kama ngozi ya kiatu, na mwenye gunia anaapa kwamba ni upepo ulioliingiza.

Tukafika Vitimbi. Masanduku arap Simiti kufungua kinywa tu, kijana akanuna: eti wanatukejeli sisi Wakalenjin. Nikamwambia hata Mzee Ojwang Hatari, aliyetuvunja mbavu kwa Kiswahili cha Mjaluo, alikuwa Mkikuyu aitwaye Benson Wanjau, aliyefariki 2015. Akatafakari kidogo. Ojwang alipotokea, akacheka mpaka machozi. Lafudhi ya jirani ni ucheshi, yetu ni matusi.

Nami nitasema ukweli: mzaha wa lafudhi umechakaa. Ukishausikia mara mbili umekwisha. Kisichochakaa ni Mama Kayai akimkazia macho mumewe, naye Ojwang akitafuta pa kuyaweka yake.

Hapo ndipo mke wangu alipoacha kumenya viazi, akavuta kigoda na kuketi nasi. Hakucheka. Bonasi ya chai imelipwa juzi, na kila Mama Kayai alipouliza swali, mke wangu alikuwa akigeuka kunitazama mimi, kana kwamba jibu ninalo.