YAH: Maombi ya Kuunda Kamati ya Michango ya Jeni

Kwenu Waheshimiwa Wapanga Bei wa Tiba ya Selimundu,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote, hongereni. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu iliyo ya kwanza duniani kutumia mkasi wa CRISPR kuhariri jeni za mgonjwa, na Desemba mwaka huohuo Marekani ikafuata. Tangu hapo kila tangazo la ushindi linatufikia na maneno yaleyale: ugonjwa huu unaitesa Afrika kuliko kwingine kokote, na sasa kuna matumaini. Aya ya pili inatutaja sisi. Aya ya mwisho inataja bei, dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja wa Marekani. Sisi tunaishi kati ya aya hizo mbili, na tumechoka kuombwa tushangilie kutoka humo.

Msitudhanie ombaomba. Mwaka 1949, wakati Linus Pauling na wenzake wanaonyesha kuwa chanzo cha ugonjwa huu ni kasoro ya molekuli moja, kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuwa akikusanya damu za watu wa huku na kugundua kwamba chembe za mundu zimejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, palepale malaria ilipokita mizizi. Mwaka 1954 alichapisha jaribio lililowahusu wanaume 30 wa Kijaluo walioambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 waliobeba chembe za mundu waliougua ni wawili. Kati ya 15 wasiozibeba waliougua ni 14. Vitabu vya baiolojia vinamtaja Allison. Wale 30 wamebaki tarakimu. Basi tukiuliza bei, hesabuni kwamba anayeuliza ni mteja aliyekwisha lipa kianzio.

Ombi letu kuu ni dogo. Kwa kuwa huku kwetu jambo kubwa halifanyiki bila kamati, tunaomba mtuletee mkurugenzi mmoja awe mweka hazina wa Kamati ya Michango ya Jeni. Tumekwisha piga hesabu. Dola moja ikiwa shilingi 2,500 za Tanzania, mgonjwa mmoja ni shilingi bilioni 5.5. Kadi ya mchango tumeipanga elfu hamsini, kiwango cha heshima, hivyo tunahitaji wachangiaji 110,000: tutaujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, na wengine karibu idadi hiyohiyo watabaki nje wakisikiliza kwa vipaza sauti. Sare itakuwa kitenge chenye ngazi ya DNA iliyojisokota, kinamama mkono mrefu. Mkurugenzi atakaa meza ya mbele na daftari la ahadi, na kuanzia Jumatatu atawapigia simu walioahidi wasitoe, kazi ambayo tunamhakikishia ni ngumu kuliko kuhariri jeni. Keki itakatwa kwa mkasi, kwa sababu zinazoeleweka. Shida moja tu: Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwa hiyo kila Mtanzania aliyehesabiwa katika sensa ya 2022, hata kichanga, atachangia kamati hii takriban mara 20 kwa mwaka. Tunaomba ushauri wenu kuhusu ukumbi.

Mtasema utafiti ni ghali. Ni kweli. Chembe hutolewa kwa mgonjwa, zikahaririwa katika maabara maalumu, naye akapewa dawa kali za kusafisha uboho, kisha akalazwa kwa wiki kadhaa. Lakini Serikali ya Marekani yenyewe imekaa nanyi mezani hadi malipo yakafungamanishwa na matokeo. Kumbe bei si mvua ya masika; inajadilika, ila kwa mwenye kiti mezani. Mtasema hospitali zetu hazina uwezo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Ni wachache, lakini hoja ya kutoweza imekwisha. Mtasema tuanze na serikali zetu. Hapo mmetushika pabaya: mwaka 2001 viongozi wetu walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na wengi wao hawajaifikia. Barua yao inaandikwa, nayo haitakuwa na keki.

Ila msijifiche nyuma yao. Ugonjwa huu mara nyingi hubisha hodi mtoto hajatimiza hata mwaka: mikono na miguu inavimba, vidole vinajaa kama vimekandwa kwa hamira, na mama anaambiwa mtoto kafinywa na jicho la mtu. Mtoto huyo mmempiga picha, mmemweka kwenye jalada la ripoti, wanahisa wakamwonea huruma, kisha mkamwacha palepale kwenye benchi akilia. Hilo ni jambo la aibu, na halina jina la adabu.

Mtuwie radhi, kalamu imeteleza. Maombi mengine ni mepesi: picha za watoto wetu zilipiwe kodi ya pango, matangazo yenu yachapwe kwenye karatasi ngumu ili yafae kupepea wagonjwa, na neno “matumaini” lipumzishwe kwa miaka mitatu, limefanya kazi bila likizo.

La mwisho halina utani. Kipo kidonge kiitwacho haidroksiurea. Hakiponyi, na hakihitaji mkasi wala maabara maalumu. Watoto 606 walikitumia katika utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yaliyotolewa Desemba 2018 yalionyesha kuwa maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Tunawaomba nyinyi, na wale wa Abuja, mkifikishe kwanza hicho, ndipo mtualike kwenye sherehe ya tiba. Kidonge hicho kiliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa selimundu mwaka 1998, na zahanati zetu nyingi bado hazina.

Ni sisi wenu,
wa aya ya pili.