Mzee, Hiyo Bado ni Land Rover?

Ukipita gereji za Mwanjelwa, Mbeya, au ukishuka Ipogolo pale Iringa, hukosi kuikuta Land Rover 110 imefunuliwa boneti, wazee wameizunguka kama wako kwenye kikao cha mahari. Injini yake ya lita 2.5, silinda nne, imeshalazwa chini. Inayoning'inia kwenye mnyororo ni 1HZ ya Toyota: lita 4.2, silinda sita. Haienei, bila shaka. Fundi anasogeza rejeta mbele, anachomelea mauntingi mpya, propela shafti inakatwa. Vipimo vyote vinachukuliwa kwa jicho na kipande cha chaki, na ajabu yake gari linawaka.

Gia boksi nayo imekuja na mgeni, maana ile ya Solihull, kwao Land Rover, ilikataa kuishi naye. Sasa muulize mwenye gari anaendesha nini. "Land Rover, bwana! Toyota ni magari ya ofisi." Anakuambia hayo huku akiukwea mlima Kitonga kwa nguvu za Mjapani, honi akiwapigia wenye Toyota.

Tatizo ni kadi. Injini ikibadilishwa, kadi ya gari nayo irekebishwe TRA. Mzee hataki kusikia. Gharama si hoja, anasema. Anachohofia ni kwamba wakishaanza kuandika Toyota kwenye injini, hawatajua pa kuishia. Trafiki akiinama kutafuta namba, mzee humwonyesha nembo ya mbele. "Soma hapo, afande."