Dada wa Kwenye Dashibodi

Kila asubuhi nikiwasha gari langu, kabla hata injini haijatulia, mwanamke mmoja ananisemesha Kijapani. Ana sauti nyororo, ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha akanywa na chai ya maziwa. Anatamka sentensi moja tu, kisha kimya mpaka kesho. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa namwitikia, "Salama, dada," maana kwetu tumelelewa hivyo, salamu haiachwi ikaelea hewani kwa sababu ya lugha.

Huyo dada nimeuziwa pamoja na gari. Dalali aliniambia ni ushahidi kwamba gari halijachokonolewa. "Bosi, ukisikia bado linaongea Kijapani, ujue fundi wa Kibongo hajaligusa."

Nianze mbali kidogo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nimepanga chumba Goba, na bumu langu ni elfu kumi kwa siku. Pembeni natengeneza kompyuta za wenzangu, kazi inayolipa vizuri sana wiki ya kuwasilisha tafiti, ambapo laptopu zote za chuo hufa kwa pamoja kama kuku wa kideri. Katika miaka mitatu niliweka milioni tano. Ukipenda kuzihesabu kwa kipimo cha bumu, hizo ni siku mia tano bila kula. Na kwa nini gari? Mtu anayeuliza hivyo hajawahi kupanda daladala ya Goba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akafika kwenye mtihani na harufu za watu wanne, yake ikiwa haimo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutangaza. Ukisema unataka kununua gari, ukoo mzima unageuka kamati. Mjomba, aliyewahi kumiliki pikipiki mwaka 1998, alinipigia simu akatoa amri: Toyota, kingine chochote ni ulemavu. Mwenzangu wa darasani alinishauri nichukue BMW, kwa sababu kwa milioni tano unaipata ya viti vya ngozi. Ni kweli unaipata. Dar es Salaam gari la Mzungu likizeeka linauzwa bei ya kuku, kwa kuwa kila mtu anajua siku likidai spea utauza wewe na kuku wako. Mwingine akaja na Brevis. Tajiri kabisa ile, ukikaa ndani unajihisi naibu waziri, ila inakunywa mafuta kama imetoka mfungo. Verossa walinikataza kabla sijamaliza kulitamka jina. Na gari lolote lenye maandishi ya D4 fundi wangu alisema nisilisogelee hata kupiga nalo picha.

Zikabaki zile ndogo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mjini hapa bei ya gari haiendani na uzima wake, inaendana na kasi ya kuliuza tena. IST ni mfano. Ilitoka kiwandani Japani mara ya kwanza mwaka 2002, sasa ina umri wa kupiga kura, lakini mwenye nayo anataja bei kama anauza kiwanja, kwa sababu anajua akikataa wewe kesho atakuja dereva wa teksi za mtandaoni ailipie taslimu. Passo ya lita moja ni nafuu, lakini ina pistoni tatu, na ikisimama kwenye taa inatetemeka kama mtoto anayesubiri sindano. Nikaangukia Vitz ya zamani, ile yenye sura ya yai, namba C, injini ya lita moja. Watu wanaiita bebi woka. Waite watakavyo, mtoto hajifunzi kutembea kwa BMW.

Lugha ya matangazo ya madalali nilichukua mwezi mzima kuielewa. "Maongezi yapo" maana yake mwenye gari ana njaa. "Bei haipungui" maana yake ana njaa lakini ana aibu. "Ilikuwa inaendeshwa na mama mtu mzima" wanaandika wote, hadi sasa sijui vijana wa jiji hili huwa wanaendesha nini. "Ina vitu vidogo vidogo vya kurekebisha" ni kweli tupu, maana injini ni kitu kidogo ukiilinganisha na mlima Kilimanjaro. Na "njoo na fundi wako" ni jambo la kulitafakari sana, kwa sababu hujui huyo fundi wako na dalali wameshakula wapi pamoja.

Mimi nilikwenda na fundi mtu mzima, shikamoo yake nyingi, maneno yake machache. Alinipa sharti moja: gari tulikute la baridi, halijawashwa tangu jana, kwani injini iliyochoka hujificha ikishapata joto. Moshi wa alfajiri ndio unaosema ukweli. Tukamwambia dalali tutakuja saa moja, tusikute mtu ameligusa. Tulipofika saa moja kasoro, dalali alikuwa ameegemea mlango anatabasamu. Fundi hakusalimia. Alipita moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Limewashwa hili."

"Nimelipasha kidogo tu, mzee wangu. Baridi ya Julai hii."

Baridi. Dar es Salaam.

Fundi akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akakitazama kwa ndani kama daktari anavyotazama ulimi. Haikuwa imegeuka maziwa, maana yake maji na oili havijakutana. Akavuta kijiti, akanusa. Akazungusha usukani mpaka mwisho huku anasikiliza magurudumu. Akauliza kama theimosteti ipo, na dalali akajibu kwa fahari kwamba walishaitoa, "nchi yetu ya joto, haina kazi." Fundi akahema. Hii ni imani yenye waumini wengi kuliko madhehebu mengi: kifaa kinachoisaidia injini ifike kwenye joto lake na kubaki hapo, sisi tunakitoa na kukitupa, halafu tunashangaa mbona gari linakula mafuta.

Mimi nami nikataka nionekane najua. Nikafungua mlango wa dereva, nikainama, na pale kwenye fremu nikakuta kibandiko kidogo cha Kijapani, vile wanavyobandika mafundi wa kule wakimwaga oili. Maandishi sikuyaelewa, lakini namba ni namba: 118,640 km. Nikaangalia kwenye dashibodi: 84,212. Nikaangalia tena kibandiko. Gari limetoka Japani, limepanda meli, limezunguka Tabata na Mbagala miaka yote hiyo, na kila siku kilomita zake zinapungua.

Nikamwita dalali. Alikisogelea kibandiko, akakisoma kwa makini, midomo inacheza.

"Hiyo ni namba ya simu ya fundi wa kule," akasema.

"Ina km mbele yake."

"Ndiyo herufi za jina lake."

Fundi alinivuta pembeni. Akasema kilomita za Bongo wote wanazirudisha, hilo lisinisumbue. Injini bado ina nguvu, gia inaingia bila kusita, shokapu za mbele zimekufa na bushi pia, lakini hivyo vinapatikana Ilala kwa bei ya kuvumilika. "Dogo, kwa hela yako hutapata gari lisilo na uongo. Hili uongo wake unahesabika." Sijawahi kusikia sifa nzito kama hiyo kwa gari, wala kwa binadamu.

Bei ilianzia milioni tano na nusu. Dalali aliapa kwa mama yake kwamba haishuki, ikashuka mara nne, mama sijui yuko katika hali gani. Tulifungana kwenye milioni nne na laki saba. Tukaenda kwa mwanasheria kuandika mkataba, na huko ndiko nilikogundua kwamba kadi ya gari iliyopo ni kivuli. Kadi halisi, alisema dalali, anayo mwenye gari, na mwenye gari yuko safarini, anarudi Jumanne.

Sikuwa mjinga wa moja kwa moja. Nilibakiza laki tano: kadi ikija, nazitoa. Nikajiona mwanasheria kuliko mwanasheria. Miezi miwili sasa, dalali ananipigia kila Jumatatu kuulizia laki tano, nami namuuliza kadi, tunatakiana siku njema. Tumeshazoeana. Juzi kanitumia picha za kipaimara cha mwanawe.

Wakati huohuo gari nalo lina mahitaji yake. Wanakuambia tangu mwaka 2017 serikali ilifuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, na ni kweli ilifuta, ikaihamishia kwenye mafuta, hivyo siku hizi nailipa kwa vipande vya elfu tano tano pale kituoni, huku mhudumu akiniuliza "tujaze?" kwa kejeli. Bima ndogo nikakata. Mtungi wa kuzimia moto nikanunua, na pembetatu mbili, kwa sababu trafiki wa njia yetu alinisimamisha siku ya tatu tu na faini ni elfu thelathini. Redio ya Kijapani inaishia 90, stesheni za juu ya hapo hazipo katika dunia yake, kwa hiyo nusu ya nyimbo za mjini nazisikia dirishani kwa majirani.

Ila gharama kubwa ni watu. Tangu ninunue gari, hakuna mwanafunzi mwenzangu anayeishi mbali na njia ninayopita. Wote wako "hapo hapo tu unapopita." Mmoja yuko Kibamba. Wanaingia wanne, Vitz inakaa chini kama imechuchumaa kufua, na wakishuka wanaufunga mlango kwa nguvu za mtu aliyelipa nauli. Siku lilipogoma kuwaka pale Mawasiliano, betri, walishuka wote kusukuma hatua kumi, kisha mmoja akaona daladala yenye siti, wakanipungia mkono kupitia dirishani. Na kamati ya harusi ya binamu yangu ilikaa kikao, ikaniondoa kwenye mchango wa singo, ikanipandisha dabo. Nilipolalamika niliambiwa, "Wewe sasa una usafiri." Kadi ya harusi ilinifikia siku ileile, imeletwa hadi mlangoni kwa pikipiki. Zipo kadi zinazojua njia.

Nirudi kwa dada yangu wa dashibodi. Katika nyumba tuliyopanga kuna kaka mmoja anayeongoza watalii, na amejifunza Kijapani kwa ajili ya wageni wake. Jumamosi iliyopita aliniomba nimfikishe stendi. Nilipofungua swichi, dada akasema maneno yake. Yule kaka akacheka.

"Zima, washa tena."

Nikazima, nikawasha. Dada hana uvivu, akarudia.

Akanieleza kwamba kule Japani barabara zao kuu ni za kulipia, na magari yanafungwa kijidubwana chini ya dashibodi. Dereva anatumbukiza kadi, akipita getini fito inanyanyuka yenyewe na hela inakatwa bila mtu kusimama. Akainama, akapapasa chini ya usukani, akanionyesha kiboksi cheusi kisichozidi pakiti ya biskuti.

"Sasa yeye anasema nini?"

"Anakukumbusha. Anasema kadi haipo."

Nilizima gari. Tulikaa kimya kidogo, jirani anaanika nguo mbele yetu. Kisha simu ikaita, dalali, ingawa haikuwa Jumatatu. Alisema ameona aniambie kabla sijasikia kwa watu wengine: mwenye gari amerudi safari, ni mzima wa afya, tatizo ni kwamba kadi aliiweka rehani mwaka jana kwa watu wa mikopo ya kausha damu, na wale wanataka milioni moja na laki mbili ndipo waiachie. Akauliza kama zile laki tano zangu zingeweza kuanzisha mchango.

Leo asubuhi nilikuwa na somo saa mbili. Nimeingia garini, nimefunga mkanda, nimefungua swichi, naye akasema, kwa upole uleule, kama vile ni mara ya kwanza.

Nikamwambia, "Najua, dada. Najua."