Kifua Hakikunjiki

Huko Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali mtu akisimama hulitazama bonde la Ruvuma hadi ng'ambo ya Msumbiji, nungunungu walikuwa wamewashinda watu. Usiku waliingia mashambani wakaguguna muhogo kuanzia shinani. Asubuhi mwenye shamba alikuta mashina yamelala, na pembeni miiba miwili mitatu yenye mabaka meupe na meusi. Mchanga wa huko huchimbika kwa urahisi, kwa hiyo mashimo yao yalikwenda mbali chini ya mikorosho.

Aliyewaweza ni mbwa jike mmoja mdogo aliyeitwa Sikitu. Alitambaa kwa tumbo gizani mpaka akamkuta nungunungu amempa mgongo, miiba imesimama. Hapo hakumrukia, maana mbwa anayerukia miiba hushinda akichomolewa kwa koleo, tena akipona ana bahati. Alisimama hatua moja nyuma yake, akabweka bila kukoma, asimpe nafasi ya kusogea. Huku juu watu walilaza masikio mchangani, wakaifuata sauti, wakachimba kwa majembe. Hiyo ndiyo kazi ya mbwa wa shimo: kufika, kubweka, na kutoka mzima.

Ukaja msimu wa korosho, na lori kutoka Mtwara likamshusha Fahari, dume mrefu mwenye manyoya ya kung'aa.

"Ndugu zangu," akawaambia mbwa wenyeji, "hatujulikani kwa sababu hatujapimwa."

Maneno yakawaingia. Wakaunda kamati, wakafagia uwanja chini ya mwembe, wakaandaa fomu: kimo, manyoya, mkia, mwendo. Wakakubaliana kwamba washindi ndio watakaozaa, wengine wakae pembeni.

Zamu ya Sikitu ikafika.

"Shikamoo, bibi," akasema Fahari.

"Marahaba, mwanangu. Kifua mtakipima saa ngapi?"

"Kifua hakimo kwenye fomu, bibi."

"Basi kiandikeni. Miguu mirefu hukunjwa, mbwa akapita. Kifua hakikunjiki."

Wakaandika: hana kimo.

Bibi huyo alisema kweli, na si ya Newala peke yake. Kule Uingereza, wawindaji wa mbweha walimpima teria, mbwa wao wa shimo, kwa viganja viwili nyuma ya mabega. Vidole vilipokutana, aliingia shimoni. Visipokutana, alibaki nje. Padri John Russell, aliyemnunua jike wake maarufu, Trump, mwaka 1819 kutoka kwa muuza maziwa, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wafugaji wa mbwa, Kennel Club, mwaka 1873, na aliwahi kuwa mwamuzi wa mashindano. Lakini teria wake mwenyewe hakuwapeleka uwanjani. Chama hicho kiliitambua rasmi mbegu yenye jina lake mwaka 1990, miaka 107 baada ya kifo chake, na hata katika vigezo vyake kifua cha kuenea viganjani kiliandikwa. Baadhi ya mbegu za teria zisizoandikiwa hivyo zilikwenda zikinenepa kifua.

Turudi chini ya mwembe. Mshindi wa kwanza alimzidi Sikitu kidole kimoja tu, na shimoni bado aliingia. Mimi naona hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu hakuna aliyeona kilichopungua. Wana wa mshindi huyo wakawa warefu kuliko yeye, wajukuu wakawazidi wanawe. Kila mwaka makofi yalikuwa makubwa zaidi. Sikitu akafa kwa uzee, na uzao wake ukaishia naye, kwa kuwa hakuna dume aliyeruhusiwa kumkaribia.

Usiku mmoja, wakati wenye mashamba wanalia, bingwa wa mwaka huo akapelekwa shimoni. Kichwa kikaingia. Shingo ikaingia. Mabega yakakwama, wenzake wakamvuta kwa miguu ya nyuma, na mchanga ukamjaa machoni.

Sauti ikatoka ndani: "Karibuni, wageni! Mbona mnaishia mlangoni?"

Kamati ikakaa asubuhi ileile. Mbwa mmoja kijana akasema fomu irekebishwe. Wakamwambia fomu imekwisha kutoa mabingwa saba, sasa mabingwa hao tuwaiteje? Baada ya mjadala mrefu wakapitisha azimio: atumwe mjumbe kwa nungunungu, awaombe kwa heshima wapanue mashimo.

Nungunungu hawakujibu. Mwaka ule makopa yaliyoliwa kijijini yalinunuliwa kwa fedha ya korosho, na waliokosa korosho walikopa.

Nawe msomaji unayefuga mbwa, ukipata mtoto mdogo kuliko ndugu zake wote, mwenye kifua kinachoenea viganjani na asiyeogopa giza, tafadhali usimtupe. Mtafutie mwenzake wa kimo hichohicho, wazae kabla mbegu haijapotea.