Redio Haijafa, Jeki Ndiyo Imekwama

Nasonya, na nina sababu. Pita pale barabarani Rumangabo, kwenye njia ya Goma kwenda Rutshuru, utaona redio ina antena yake, ina spika yake, imelazwa juu ya gunia pamoja na vyuma vya kuuza kwa kilo. Ukimuuliza mwenyewe anakujibu, "Imekufa, papa. Taa inawaka lakini haisemi." Taa inawaka! Kitu kinapokea umeme, mshale wa masafa unatembea, halafu tunaambiwa kimekufa. Aa-aa, jamani. Hapana.

Sikia, yaya. Redio inayowaka bila kusema, anza kuangalia tundu la hedifoni. Acha kwanza habari ya ampli, acha habari ya ile chipu ambayo fundi mwenye haraka atakuapia kwamba inapatikana Kampala tu. Ndani ya tundu lile, kwenye jeki, kuna ulimi mwembamba wa chuma. Pini isipokuwamo, ulimi unagusana na mwenzake na sauti inapita kwenda kwenye spika. Ukichomeka pini, ulimi unasukumwa pembeni, spika inanyamaza, sauti inahamia masikioni mwako. Basi, kazi yake ni hiyo. Sasa miaka inapita, vumbi linaingia, chuma kinaota uchafu, ulimi unachoka na haurudi mahali pake. Pini uliichomoa tangu mwaka juzi, redio bado inampelekea sauti mwenye hedifoni ambaye hayupo.

Na kulijua hilo hakuhitaji pesa. Azima hedifoni nzima kwa kijana yeyote, chomeka, sikiliza. Ukisikia sauti humo, ampli ni nzima, kasoro iko kwenye jeki, kwenye waya wa kwenda spika au kwenye spika yenyewe. Ni jambo la dakika moja, na watu wanatupa redio bila kulifanya.

Vitu tunavyonunua hapa ni vya okazioni. Vimeshaishi kwa watu wengine huko Ulaya au Dubai, vikasafirishwa kwenye marobota, vikashushwa Birere mjini Goma, vikapandishwa pikipiki mpaka huku juu. Kila mwenye navyo alivuta waya kwa namna yake. Pini inatokeza nje ya redio. Redio ikianguka kwa upande ule, uzito wote unabebwa na miguu midogo ya jeki iliyolehemiwa kwenye bodi. Lehemu inapasuka. Na haipasuki kwa kelele: ni ufa mwembamba wa duara kuzunguka mguu, ambao huuoni mpaka uinamishe bodi kwenye mwanga wa jua. Ukiona mtu anashikilia waya kwa vidole ili sauti isikatike, au ameufunga kwa mpira wa baiskeli, ujue ufa uko pale. Vumbi la lava ya hapa kwetu nalo linaingia kila tundu lisilozibwa.

Mafundi sasa. Hapa ndipo midomo inapolia kijiweni, na mimi siwatetei wote. Kuna yule ambaye, kabla hajachukua hata kipimo, ameshatoa hukumu: "Bodi imeungua." Unamwachia redio kwa bei ya chumvi, kesho kutwa inaimba mezani kwake na ina bei mpya. Huyo anakula jasho la mama muuza maharage, na inaniuma. Kuna mwingine ambaye si mwizi, ana haraka tu. Anachukua kipande cha waya, anaunganisha miguu ya ule ulimi moja kwa moja, spika inapiga kelele, mteja anafurahi. Kwa mtu asiyetumia hedifoni kabisa, na akiambiwa wazi, sina ugomvi na kazi hiyo. Lakini wengi hawaambiwi. Wakichomeka hedifoni usiku, spika inaendelea kupiga na nyumba nzima inaamka. Na akikosea mguu, akaunganisha njia ya sauti na ile ya ardhi, hapo ndipo ampli inaweza kuungua kweli. Redio iliyokuwa na ugonjwa wa jeki inakufa kwa dawa ya fundi.

Fundi wa kweli utamjua kwa utulivu wa mikono. Anafungua skrubu na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa. Anageuza bodi. Anaweka multimeta kwenye mlio, anagusa miguu miwili ya ulimi bila pini: ikilia, ulimi unagusana, isipolia, ameshajua. Anachovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti, anasugua ndani, anachomeka na kuchomoa pini mara kadhaa, anapima tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Ikiwa ni ufa, anapasha mguu mpaka lehemu ya zamani iyeyuke, anaongeza mpya kidogo, anaacha ipoe bila kuitikisa. Lehemu iliyoshika vizuri inaukumbatia mguu. Iliyoshika vibaya inakaa kama kidonge juu ya bodi.

Hapo kuna jambo mafundi vijana wanapaswa kulijua. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umekataza madini ya risasi kwenye vyombo vingi vipya vya umeme. Lehemu ya kale yenye bati na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 190. Hii isiyo na risasi hutaka zaidi ya 215. Kijana anaweka chuma kilekile cha kulehemu kwenye redio ya karibuni, lehemu haiyeyuki, anasukuma kwa nguvu, njia ya shaba inabanduka kwenye bodi. Ongeza tone la lehemu ya kale yenye risasi juu yake kwanza, zitachanganyika na kulegea pamoja. Na uoshe mikono kabla ya kula, risasi si kiungo cha mchuzi.

Nikiishika ile koili ya lehemu moyo unanipanda. Bati iliyomo hutokana na kasiterite, na kasiterite iko hapa kwetu Kivu Kaskazini, Bisie, kule Walikale. Karibu nusu ya bati yote inayotumika duniani huenda kwenye lehemu. Mawe yanatoka mikononi mwetu yakiwa mawe, yanapita mbele ya macho yetu, halafu tunanunua waya wa lehemu kwa sentimita. Mnh! Tuyaache, maana hayo ni ya siku nyingine na yana damu ndani yake.

Kuna na kosa ambalo si kosa. Mtu analeta redio ya zamani ya spika moja, analalamika kwamba hedifoni inasikika sikio moja. Redio ile ilitengenezwa kwa sauti ya njia moja, na jeki yake inapeleka sauti kwenye ncha ya pini tu, na ncha hiyo ni ya sikio la kushoto. Pete inayofuata, ya sikio la kulia, haipewi kitu. Hakuna kilichoharibika. Anayekutoza pesa ya "kutengeneza" hapo, mwambie akuonyeshe alichokuta kimevunjika.

Wengine watasema, kelele zote hizi za nini, watu wana simu. Simu! Simu nyingi zenye redio hutumia waya wa hedifoni kuwa antena. Jeki ikifa, si masikio tu yanayokosa, redio yenyewe haishiki. Na hizo simu za bei kubwa zisizo na tundu kabisa, tangu Apple walipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, hazitusaidii sisi ambao intaneti inakatika bila kuaga.

Huku kwetu redio haikuwa mapambo. Mlima Nyiragongo ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 bila tahadhari yoyote. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitangaza sehemu ya Goma ihamwe, na watu wakajaa barabarani kwenda Sake, kwenda Rwanda, na kupanda njia hii hii ya Rutshuru na magodoro kichwani. Wakati kama ule redio moja yenye spika inayosema inatosha uwanja mzima. Yenye jeki iliyokwama haimsaidii hata mwenye nayo. Miaka hii ya vita, tangu waasi wa M23 walipoingia Rumangabo mwaka 2022, anayejua njia ipi imefunguka ni yule aliyesikiliza. Radio Okapi iko hewani tangu Februari 2002, na mama aliyekimbia na watoto hana haja ya kuambiwa faida yake.

Kwa hiyo, yaya, ukienda kununua, beba hedifoni yako mfukoni. Washa redio sokoni, si nyumbani. Sikiliza spika kwanza, chomeka pini, spika inyamaze yote, sauti ije masikio yote mawili kama redio ni ya njia mbili. Zungusha pini taratibu. Ikikwaruza, punguza bei. Chomoa, spika irudi palepale bila kupigwa kofi. Chungulia tundu na tochi ya simu: ncha ya pini iliyokatikia ndani hutokea sana, na muuzaji hakwambii. Hata hiyo si mwisho wa redio. Jeki nyingi zina uwazi nyuma, bodi ikishatolewa sindano inaisukuma itoke. Usikubali mtu aiingilie na gundi kwa mbele, gundi ikigusa ulimi basi jeki nzima ni ya kubadilisha.

Na ikibidi kubadilisha, usitupe ile redio iliyovunjika kweli. Mpelekee fundi. Jeki yake nzima itang'olewa na kuingia kwenye redio ya jirani, alimradi miguu iko kwa mpangilio uleule. Papa fundi, nawe tafadhali: hesabu miguu kabla hujang'oa, na mwonyeshe mteja ulichokitoa.