Heihachi Apandishwe Kibo

Vijana wa mabanda ya gemu hapa Moshi wana haki kabisa kudai Tekken itengenezewe anime nyingine. Ile ya 2022, Tekken: Bloodline, ilikuwa na vipindi 6 tu, na ukoo wa Mishima, ambamo baba, Heihachi, humtupa mwanawe korongoni, tunaujua kuliko wa shangazi zetu. Safari hii wachore kilele cha Kibo, mita 5,895, Heihachi apate korongo la maana.

Ila Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, wasimguse! Awapige Wajerumani 1892, anyongwe 1900, kichwa kiaminike kupelekwa Ujerumani. Nani atakubali hadithi ya kutungwa namna hiyo? Tena hana hata kitufe cha teke. Wajapani, tafadhali, endeleeni kuchora. Bando tunalo.